Mechi ya nyota wa NHL: mfumo upi urudi, upi uzikwe?

Februari 2024 nilimpeleka mpwa wangu, binti wa miaka tisa, kuona mechi ya nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani, hapa Toronto. Bei ya tiketi siitaji, mama yake anasoma. Tulikaa juu kabisa, karibu na paa, kila mmoja na soda yake ya bei ya kuku mzima. Dakika tano hazijafika, akanivuta mkono wa koti: "Mjomba, mbona hawapigani vikumbo?" Nikamwambia leo ni sherehe, siyo mechi ya pointi. Akanyamaza kidogo, akaendelea kutazama, kisha akauliza tena: "Sasa anayefungwa anapoteza nini?"

Sikuwa na jibu, na sina uhakika kama ligi yenyewe inalo. Mwaka uliofuata mechi ile haikuchezwa. Nafasi yake ilichukuliwa na mashindano ya mataifa manne, na tangu hapo kwenye kinyozi ninakokwenda hakuna Jumamosi inayopita bila ubishi: irudi au isirudi, na ikirudi irudi na sura gani. Nimeamua kuiweka mifumo mezani mmoja baada ya mwingine, nikitumia swali la yule mtoto kama rula.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: kila upande una wachezaji watano na kipa, wanateleza kwa viatu vyenye chuma kikali kama kisu, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa fimbo ndefu, vipindi vitatu vya dakika 20. Kumpiga mwenye kisahani kikumbo cha bega ni halali, ndiyo chumvi ya mchezo. Mechi ya kawaida ya NHL hutoa mabao kama sita, ukijumlisha pande zote mbili. Ishike hiyo sita, maana ndiyo kipimajoto changu. Mechi ya nyota ikitoa mabao 20, usidhani vipaji vimefurika. Hakuna aliyekaba, basi.

Bingwa dhidi ya nyota

Chimbuko la mechi hii ni jeraha. Desemba 1933, mjini Boston, Eddie Shore wa Boston alimwangusha Ace Bailey wa Toronto kwa nyuma. Bailey akapasuka fuvu, akaponea chupuchupu, na hakucheza tena maisha yake yote. Tarehe 14 Februari 1934, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens hapa Toronto, ikaandaliwa mechi ya hisani kwa ajili yake: Toronto dhidi ya wateule wa klabu nyingine, na Shore mwenyewe akiwa mmoja wa wateule hao. Kabla ya mchezo kuanza Bailey na Shore wakapeana mikono mbele ya umati. Toronto ikashinda 7–3 na Bailey akapata zaidi ya dola 20,000. Siku ile kila mtu ukumbini alijua kwa nini yupo pale.

Mwaka 1947 ligi ikaugeuza kuwa utaratibu wa kila mwaka. Bingwa wa Kombe la Stanley, yaani bingwa wa ligi, anaufungua msimu kwa kucheza na nyota wa klabu zilizobaki, na sehemu ya mapato inaingia kwenye mfuko wa pensheni ya wachezaji. Mtu wa Dar ataelewa upesi: ni Ngao ya Jamii, ila badala ya mtani wako, upande wa pili wamesimama wateule wa ligi nzima. Mechi ya kwanza, Oktoba 13, nyota waliifunga Toronto 4–3. Bill Mosienko wa Chicago akatoka amevunjika kifundo cha mguu. Simwombei mtu mabaya, lakini kifundo hakivunjiki kwenye bonanza.

Walijituma kwa sababu bingwa aliingia na jezi yake, kocha wake, wenzake wa kila siku na jina la kulinda. Upande wa pili ulikuwa na watu ambao miezi michache nyuma walitolewa kwenye mtoano na hao hao. Huhitaji kumlipa mtu bahasha ili acheze dhidi ya aliyemliza. Mwaka 1951 na 1952 ligi ilijaribu kumweka bingwa pembeni, ikakutanisha kikosi cha kwanza cha nyota na kikosi cha pili. Ya kwanza 2–2, ya pili 1–1, na mwaka uliofuata bingwa akarudishwa. Mwaka 1967 mechi ilihamishiwa katikati ya msimu, Januari, Montreal ikiwa mwenyeji na bingwa, na nyota wote wale hawakupata hata bao moja: 3–0. Kipimajoto changu hapo kinasoma chini ya sita. Mgonjwa hana homa.

Kama uamuzi ungefanywa kwa karatasi tu, mimi ningeurudisha mfumo huu kesho asubuhi. Lakini enzi zile ligi ilikuwa na klabu sita. Leo zipo 32, na fainali inafika Juni. Bingwa wa leo ametoka kucheza miezi miwili ya mtoano, mabega yamefungwa bandeji, majira ya joto yake ni mafupi kuliko ya mtu yeyote kwenye ligi. Nenda kamwambie kocha wake kwamba kabla msimu haujaanza unataka vijana wake wapambane kwa nguvu zote na wateule wa klabu 31. Atakuona mchawi.

Mashariki na Magharibi, kisha Amerika na Dunia

Haya mawili nayapitia haraka, maana hayana mengi ya kutetea.

Ligi ilipotoka klabu 6 kuwa 12 mwaka 1967, zile sita mpya zote ziliwekwa kanda moja, Magharibi. Kwa hiyo mechi ya kwanza ya Mashariki dhidi ya Magharibi, Montreal mwaka 1969, ilikuwa na maana ambayo mifumo mingi ya baadaye haikuipata: wageni dhidi ya wenyeji wa mjini. Iliisha 3–3, na kwa wale wageni sare ile ilikuwa kama ushindi. Lakini klabu zikaongezeka, kanda zikapangwa upya, zikaitwa Wales na Campbell, halafu zikarudi kuitwa Mashariki na Magharibi. Sijawahi kukutana na mtu aliyelala na njaa kwa sababu Campbell imefungwa. Mwaka 1993, Montreal hapo hapo, Wales 16, Campbell 6. Mike Gartner alifunga manne. Makipa wa Campbell wanahitaji kuombwa radhi mpaka leo.

Mwaka 1998 ligi ilikuwa inajiandaa kupeleka wachezaji wake kwenye Olimpiki ya Nagano kwa mara ya kwanza, ikaona itumie mechi ya nyota kama tangazo: Amerika Kaskazini dhidi ya Dunia. Jema lake ni kwamba Wazungu wa Ulaya walioonekana kwa muda mrefu kama wageni kwenye ligi walipewa jukwaa lao. Teemu Selänne wa Ufini alifunga matatu Vancouver na kuwa mchezaji wa kwanza aliyekulia hoki ya Ulaya kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo, japo upande wake ulipoteza 8–7. Baya lake ni kwamba Mkanada na Mmarekani walitiwa chungu kimoja, na Mrusi, Mcheki, Mfini na Mswidi chungu kingine. Watani wakubwa wa mchezo huu ndio hao hao waliovalishwa jezi moja. "Dunia" haina wimbo wa taifa, haina bendera, haina bibi kijijini anayeiombea. Mwaka 2001 mjini Denver matokeo yalikuwa 14–12. Mwaka 2002 ikachezwa ya mwisho, hesabu ikafungwa Amerika mara tatu, Dunia mara mbili, na hakuna aliyevaa nguo nyeusi.

Makapteni kuchagua timu

Kila aliyecheza chandimu anaujua huu. Wawili wenye nguvu wanasimama, wengine mnapanga mstari, mnachaguliwa mmoja mmoja, na anayebaki mwisho anakwenda golini huku akijifanya haumii. Januari 2011, Raleigh, North Carolina, NHL iliuleta mfumo huo kwenye televisheni. Eric Staal na Nicklas Lidström wakawa makapteni, mamilionea wakakaa kwenye viti kama watoto wa shule wakisubiri majina yao. Wa mwisho alibaki Phil Kessel wa Toronto, peke yake katikati ya viti vitupu, na Alexander Ovechkin akatoa simu akampiga picha. Kessel alipewa gari kama pole. Ilipofika 2015 Ovechkin alikuwa anaomba hadharani awe yeye wa mwisho, alitaka lile gari.

Nisiwe mchoyo: kama burudani ya usiku mmoja, hakuna mfumo mwingine wa NHL unaoshindana na huu. Unawaona watu ambao msimu mzima wanazungumza kwa sentensi zilizokaushwa, ghafla wanataniana, wanaoneana aibu, wanacheka. Mashariki na Magharibi haikuwahi kutupa hicho.

Shida inakuja siku ya mchezo wenyewe. Timu iliyoundwa Ijumaa na kuvunjwa Jumapili haina cha kulinda, na ubaya zaidi, mfumo huu unawatenganisha watu wa klabu moja. Utampigaje kikumbo mtu unayekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, ambaye Jumanne unamhitaji akupasie? Matokeo yanajieleza: 11–10 mwaka 2011, 12–9 mwaka 2012, na 2015 mjini Columbus, 17–12. Mabao 29. Kipimajoto kilipasuka. Ukiuweka kando ya mfumo wa bingwa utaona umegeuzwa kama shati ndani nje: kule timu ilikuwa halisi na sherehe haikuwapo, huku sherehe ni kamili na timu ni ya karatasi.

Watatu kwa watatu

Baada ya zile 29 hata ligi iliona haya. Msimu wa 2015–16 NHL ilikuwa imeanza kutumia wachezaji watatu kila upande kwenye muda wa nyongeza, na mashabiki waliupenda: uwanja ni ule ule, watu wamepungua, nafasi zimejaa kila kona. Kwa hiyo mechi ya nyota ya 2016, Nashville, ikakatwa vipande. Timu nne za kanda, kila moja na wachezaji 11, kati yao makipa wawili; nusu fainali mbili na fainali, kila mechi dakika 20; na mshindi anachukua dola milioni moja kugawana.

Bahati ya ligi, na aibu yake, ikawa John Scott. Jitu la sentimita 203, kazi yake ilikuwa kupigana, na katika maisha yake yote ya NHL alifunga mabao matano. Mashabiki wakampigia kura kwa mzaha awe kapteni wa timu ya kanda ya Pacific. Ligi haikufurahi, yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyoshawishiwa ajitoe. Katikati ya vuta nikuvute hiyo klabu yake ya Arizona ikamuuza, akaangukia ligi ya chini kule St. John's, ncha ya mashariki kabisa ya Kanada. Watu wakadhani yameisha. Hayakuisha. Akaja Nashville, akafunga mawili kwenye nusu fainali, na fainali Pacific ikashinda 1–0. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wanaowania mchezaji bora. Mashabiki wakaliandika wenyewe mpaka akapewa. Wenzake wakambeba mabegani, jitu lile, juu ya barafu.

Tazama tena hiyo 1–0. Fainali ya mechi ya nyota, bao moja. Watu wakasema: dawa imepatikana, ni pesa na nafasi. Mimi pia nilisema hivyo.

Halafu tukapiga hesabu. Milioni moja kwa watu 11 ni kama dola 90,900 kwa kila mmoja. Kwangu na kwako ni nyumba kule Tanga, na kisima juu yake. Lakini Connor McDavid, nyota wa Edmonton, alikuwa na mkataba wa dola milioni 12.5 kwa msimu wa mechi 82, yaani kama 152,000 kwa kila mechi. Mgawo wake wote wa wikendi haufikii malipo yake ya Jumanne moja ya kawaida. Kilichowakimbiza Nashville hakikuwa pesa, kilikuwa Scott. Walikuwa na jamaa yao aliyedharauliwa na walitaka acheke wa mwisho. Mwaka 2019, San Jose, hakukuwa na Scott, na fainali ikaisha 10–5 ndani ya dakika 20. Itandaze kwa dakika 60 upate mabao 45.

Hata hivyo siuziki mfumo huu. Kwanza, kwa watu 44 kila klabu inapata angalau mtu mmoja, na kwa shabiki wa klabu inayoshika mkia hilo si dogo. Pili, unaficha uvivu vizuri kuliko mifumo yote iliyotangulia: watatu kwa watatu wakicheza bila kukaba bado kuna kasi, kuna kuachana, kuna kipa anayebaki uso kwa uso na mtu. Watano kwa watano bila kukaba ni foleni ya benki. Tatu, ni mchezo unaofaa penye nafasi ndogo. Waulize Kenya Ice Lions, waliojifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, uwanja mdogo kuliko wa NHL, mpaka mwaka 2018 wakaalikwa Kanada na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Na NBA nao, baada ya mechi yao ya nyota kuisha 211–186 mwaka 2024, mwaka uliofuata walihamia timu nne ndogo ndogo. Walichungulia kwa jirani.

Ile niliyoiona na mpwa wangu ilikuwa mchanganyiko: watatu kwa watatu, lakini timu nne zikachaguliwa na makapteni wanne, Auston Matthews, McDavid, MacKinnon na Quinn Hughes, na kila timu na mtu wake maarufu, Justin Bieber akiwa upande wa Matthews. Timu ya Matthews ikashinda fainali 7–4, mwenyeji akachaguliwa mchezaji bora, ukumbi ukaridhika. Cha kukumbuka kilikuwa siku moja kabla, mashindano ya ufundi. Walipunguzwa wakawa 12, McDavid mwenyewe akashiriki kuyasanifu, na mshindi akachukua milioni nzima peke yake. Alikuwa yeye. Unaona tofauti? Huko mtu anashindana na saa, na saa haina urafiki. Ndiyo maana Kendall Coyne Schofield, mwanamke wa kwanza kushindana kwenye mashindano hayo ya ufundi, mwaka 2019, aliuzunguka uwanja kwa sekunde 14.346 na ukumbi mzima ukasimama. Na shuti la Zdeno Chara la 2012, karibu kilomita 175 kwa saa, bado linasimuliwa wakati hakuna anayekumbuka nani alishinda mechi ya wikendi ile.

Mataifa

Hili ligi ilikuwa inalijua zamani. Mwaka 1979 waliifuta mechi ya nyota, wakaipeleka timu ya wateule kucheza mechi tatu na Umoja wa Kisovyeti, New York. Walishinda ya kwanza 4–2, wakapoteza ya pili 5–4, na ya tatu Warusi wakampumzisha kipa wao maarufu Tretiak, wakamweka Myshkin, wakashinda 6–0. Mwaka 1987, mjini Quebec, mechi mbili: NHL 4–3, Wasovyeti 5–3. Soma namba hizo kwa kipimajoto. Sita, tisa, sita, saba, nane. Wachezaji ni wale wale waliokuwa wakifungana kama mvua kwenye Wales na Campbell.

Februari 2025 wakarudi huko: Kanada, Marekani, Uswidi na Ufini, wachezaji wa NHL watupu, 23 kila timu, mechi zikichezwa Montreal na Boston. Sheria za kweli, vikumbo vya kweli. Siasa nazo zikaongeza kuni, maana ndizo siku Rais wa Marekani alikuwa akiiita Kanada jimbo la 51 na kuitishia ushuru. Tarehe 15, Montreal, Kanada dhidi ya Marekani, wimbo wa taifa wa Wamarekani ukazomewa, mchezo ukaanza, na ndani ya sekunde tisa za kwanza kulikuwa na ngumi mara tatu. Matthew Tkachuk na Brandon Hagel. Ndugu yake Brady na Sam Bennett. J.T. Miller na Colton Parayko. Sipendi ngumi, na hapo kwa kinyozi tuligawanyika, mzee mmoja akasema huu si mchezo ni baa. Lakini hakuna aliyenyanyuka kwenda zake. Marekani ikashinda 3–1.

Fainali ilikuwa Boston, Kanada na Marekani tena, Alhamisi ya tarehe 20. Nilikuwa kwenye kiti, kinyozi wetu, mtu wa Bukavu ambaye zamani alinihakikishia hoki ni kazi ya watu wasio na jua, ana mashine mkononi. Dakika 60 zikaisha 2–2. Muda wa nyongeza ulipoanza akazima mashine. Nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado, shuka la plastiki shingoni, na duka zima kimya kama wanasubiri mwandamo. Jordan Binnington, kipa wa Kanada, akaokoa, akaokoa tena. Halafu McDavid akaachwa peke yake mbele ya goli. Kinyozi alipiga kelele za Kiswahili, Mashi na Kifaransa kwa pamoja, na dakika kumi zilipita kabla hajakumbuka kichwa changu.

Sasa rudi kwenye swali la mpwa wangu, anayefungwa anapoteza nini. Wamarekani siku ile walipoteza kitu, na uliwaona usoni. Hakuna aliyewalipa waumie.

Ila bei yake ni kubwa, na anayeshabikia mfumo huu bila kuitaja anakudanganya. Matthew Tkachuk aliumia kwenye mashindano hayo na hakuichezea Florida tena mpaka mtoano. Charlie McAvoy wa Boston aliumia bega, likapata maambukizi, akalazwa hospitali. Mwenye klabu ndiye anayelipa mshahara, na klabu haipati kombe kwa ushindi wa taifa. Bei ya pili: ni nyota gani hao bila nyota wengine? Leon Draisaitl alimaliza msimu ule akiongoza kwa mabao, 52, lakini ni Mjerumani. Nikita Kucherov aliongoza kwa pointi, 121, lakini ni Mrusi. David Pastrňák ni Mcheki. Na Ovechkin, Aprili 6 mwaka huo huo, aliipita rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894. Mtu anayekaribia rekodi kubwa kuliko zote za mchezo, na wiki sita kabla ligi inafanya karamu yake kuu bila yeye. Urusi ina sababu yake, vita vya Ukraine. Ujerumani na Ucheki hazina sababu ila kwamba mezani kuna viti vinne.

Uchague upi basi

Inategemea unakaa wapi ukumbini. Kama wewe ni mwenye klabu, chagua watatu kwa watatu. Wachezaji wako watarudi wazima na mji wako ukipata zamu ya kuandaa, hoteli zitajaa. Kama ni shabiki wa klabu ndogo, vivyo hivyo, mataifa hayakuhakikishii hata mtu mmoja. Kama una televisheni ya kuuza matangazo, usipoteze muda, chagua mataifa: fainali ya Boston ilitazamwa na watu milioni 9.3 nchini Marekani, na Kanada ndiyo nchi ya hoki.

Mimi ningechukua mataifa, lakini si kila mwaka. Olimpiki ipo kila miaka minne, ya karibuni ni ya Milano na Cortina mwaka 2026, na Kombe la Dunia la hoki limepangwa 2028. Hapo katikati inabaki miaka mitupu. Miaka hiyo mitupu nisingeijaza kwa mataifa mengine, maana ngumi za sekunde tisa zikija kila Februari zitageuka sarakasi. Ningeweka siku mbili: siku ya ufundi, pesa zote zikiwa huko, na siku ya watatu kwa watatu kwa kanda, bila kuwadanganya watu kwamba ni mechi. Wachezaji wachague timu zao mbele ya kamera usiku mmoja kabla kama wanataka. Gari la wa mwisho lirudi, lilikuwa wazo zuri. Mashariki na Magharibi ningeizika bila hotuba, na "Dunia" pembeni yake.

Mfumo wa bingwa ndio unaoniuma. Nautaka na najua hautarudi.

Mpwa wangu nilimwonyesha fainali ya Boston asubuhi yake, marudio. Alifumba macho kwenye vikumbo viwili, alipiga makofi bao la McDavid, kisha nikamuuliza: tungepata tiketi za moja tu, hii au ile ya Toronto? Hakufikiri hata sekunde. Ile ya Toronto, akasema, kwa sababu siku ile kwenye maonyesho ya mashabiki alipewa kisahani, na mtu mmoja wa pale akamweleza kwamba NHL huvigandisha visahani kabla ya mechi ili visidunde. Mpaka leo kiko kwenye friza, kati ya sato na mfuko wa mihogo, na mama yake akijaribu kukitoa ni kesi.